MREJESHO: Fundi ujenzi niliyeumia mgongo, nimepata pa kushika

Wakuu, salamu. Mwaka jana niliomba ushauri hapa nifanye kazi gani nyingine: miaka 19 ya uashi, nimedondoka kwenye jukwaa la ujenzi nikipiga ripu (plasta ya ukuta), daktari kanikataza kubeba mizigo. Fidia sikuwa nayo. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, inalipia walioajiriwa, na mimi nilijiajiri.

Wengi mlinishauri bodaboda. Nilijaribu wiki mbili, mgongo ukagoma kabisa. Aliyenielekeza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, Mungu akubariki sana. Wanakupima ulichojifunza mtaani, ukifaulu unapewa cheti. Nimefaulu. Siku ya kukipokea nililia, sioni aibu kusema.

Sasa niko duka la vifaa vya ujenzi, nakadiria vifaa. Mteja anakuja na karatasi ya ramani iliyokunjwa mara nne, namhesabia: ukuta wa tofali za inchi 6, mita moja ya mraba naweka tofali 10, za kuvunjika zikiwemo. Namwambia pia wapi fundi atamdanganya kwenye saruji. Jioni nasimamia saiti mbili nimekaa kwenye kiti.

Kipato bado hakijafika cha zamani, na kuona kijana anapinda kozi (mstari wa tofali) bila timazi kunaniuma, mikono inawasha. Mwiko wangu nimempa mdogo wangu. Wiki iliyopita alinirushia picha ya kona yake ya kwanza. Imenyooka.