Ukoo wa Bibi: Nguva Yupi Jumamosi?

Mama Nadia: Habari za jioni wapendwa. Jumamosi watoto wote wanashinda kwangu na Nadia kashikilia The Little Mermaid. Sasa niweke ipi, katuni ya 1989 au hii ya watu ya 2023?

Mjomba Idi: Katuni. Swali lingine?

Salma: Shikamoo Mjomba. Lakini hapana 😂

Mjomba Idi: Marahaba. Hapana nini? Katuni ni dakika 83, watoto wanaamka wanaenda kucheza. Hiyo nyingine 135. Dakika zote hizo za ziada wamejaza nini?

Hamisi: Mwanamfalme kapewa wimbo wake peke yake. Nilienda kuchaji simu, nikarudi bado anaimba bahari.

Salma: Afadhali huyo. Eric wa katuni alikuwa sura nzuri na mbwa, basi. Huyu wa sasa ana chumba kimejaa ramani na vitu alivyookota safarini, kama yule nguva, Ariel, na lile pango lake la vitu vya binadamu. Wanakaa humo wawili, mmoja hana sauti, wanaoneshana vitu. Ukiangalia pale unaelewa walichopendana.

Hamisi: Sawa, hilo nampa. Wimbo simpi.

Mama Nadia: Mimi shida yangu ni yule kaa, Sebastian. Juzi nilimwekea Nadia kile kipande cha Under the Sea cha filamu mpya. Katazama, katazama, akaniuliza "Mama, huyu kaa kakasirika?" Namwambia hapana, anaimba kwa furaha. Akasogea mpaka pua iko kwenye kioo. "Mbona uso wake haufurahi?"

Hamisi: 😂😂😂 Mtoto kamaliza kazi

Mjomba Idi: Ndicho ninachosema kila siku hamnisikii! Kaa wa katuni ana midomo, ana nyusi, akishtuka taya linaanguka mpaka chini. Mchoraji anavuta uso anavyotaka. Wewe umekwenda kutengeneza kaa kwa kompyuta afanane na kaa kweli, kafanana, sasa atacheka na nini? Unabaki na gamba linalotoa sauti. Na yule rafiki yake samaki ndiyo kabisa. Samaki wa kweli ukimwangalia usoni, furaha yake na huzuni yake ni uso mmoja.

Mjomba Idi: Hata simba wale wa The Lion King ya 2019 ni hivyohivyo. Manyoya unaweza kuyahesabu. Mtoto kafiwa na baba, uso ule ule wa asubuhi.

Salma: Wanyama sikatai, Mjomba. Ila mimi sikuifuata kwa ajili ya kaa, nimemfuata Halle Bailey, Ariel wa sasa. Mnakumbuka trela ilipotoka Septemba 2022, video za wasichana weusi wadogo wanaiangalia? Wanashika mashavu, wanawaita mama zao, "kafanana na mimi!" Nadia ana rasta kama zile. Na hiyo sauti akiimba Part of Your World, mnajua wenyewe.

Mama Nadia: Sauti hiyo ilinitoa machozi, sifichi.

Mjomba Idi: Binti anaimba, nani kakataa? Anaimba vizuri sana. Nagombana na waliomzunguka. Halafu waliponichosha kabisa ni kwenye busu. Hadithi nzima ni siku tatu, bila busu la Eric, Ariel anakuwa mali ya Ursula, mchawi aliyemchukulia sauti. Kila jua likizama roho inaruka. Hii mpya mchawi kamfanya asahau kuwa anahitaji kubusiwa! Sasa mhusika mwenyewe hana presha, mimi presha ya nini?

Salma: Hapo nakuunga mkono. Walitaka asionekane anamkimbilia mwanaume, wakaishia kumtoa kwenye hadithi yake mwenyewe.

Mjomba Idi: Asante. Mimi niliizima pale ndege alipoanza kughani. Ndege! Anarap!

Salma: Ngoja. Uliizima pale?

Salma: Kwa hiyo hukuona nani aliendesha meli 👀

Mjomba Idi: Eric, nani mwingine. Ile mbao ya mbele inamchoma Ursula.

Salma: Hiyo ni katuni. Kwenye hii Ariel mwenyewe ndiye anashika usukani. Nadia akiuliza nani alimshinda mchawi, unataka ajibiwe vipi?

Hamisi: Mjomba anaandika...

Hamisi: Mjomba kaacha kuandika

Mama Nadia: Na yule mama wa sokoni anayempa Ariel uma, mlimtambua? Jodi Benson, ndiye sauti ya Ariel wa 1989. Mimi nilipiga kelele peke yangu sebuleni.

Mjomba Idi: Huyo nilimwona. Nikarudisha nyuma mara mbili. Kwa hilo waliheshimu wakubwa.

Mama Mkubwa Mwana: Nimewasoma tangu juu. Idi, unailinda katuni kama vile ndiyo asili. Asili ni Andersen wa Denmark, 1837. Humo nguva anakatwa ulimi. Akipata miguu, kila hatua ni kama anakanyaga visu. Mwanamfalme anaoa mwanamke mwingine. Dada zake wanampa mchawi nywele zao wapewe kisu, wanamletea, "mchome mwanamfalme urudi nyumbani." Anamwangalia kalala na mkewe, anakitupa kisu baharini, anageuka povu.

Hamisi: Mama Mkubwa 😭 saa tatu usiku hii

Mama Mkubwa Mwana: Kuna mwisho wa kumpoza kidogo, anachukuliwa na mabinti wa hewa. Ninachosema, watu wa 1989 ndio waliobadilisha hadithi kwa shoka. Hawa wa 2023 wamebadilisha kwa wembe.

Mjomba Idi: Dada, sikubishii. Lakini waliotumia shoka walijua wanataka nini. Walitaka harusi, wakaifuata mpaka mwisho. Hawa wa wembe wanaogopa. Wimbo wa mpishi wa samaki wameutoa, maneno ya Kiss the Girl wameyarekebisha, kila mahali wameuliza kwanza kama kuna atakayekasirika.

Mama Mkubwa Mwana: Hilo umesema vizuri. Andika hivyo siku zote, si "Katuni, swali lingine?"

Bibi: 🎤 0:14

Mama Nadia: Kwa wasiofungua: Bibi anasema wekeni yenye nyimbo, na sauti iwe kubwa.

Hamisi: Zote zina nyimbo Bibi 😂

Mama Nadia: Basi naamua mimi. Katuni nzima kwanza. Ikiisha, ya 2023 tunaweka Part of Your World, kisha tunaruka mpaka vita vya meli. Mjomba njoo na projekta, na utakaa mpaka mwisho safari hii.

Mjomba Idi: Nitakaa. Ndege asiguswe.

Mama Nadia: Saa tisa kamili. Na Mama Mkubwa, nakuomba, mambo ya ulimi na visu yaishie humu humu.

Mama Mkubwa Mwana: Mbona Nadia nilishamsimulia zamani, tena yote. Alichouliza ni kama nywele za wale dada ziliota tena.

Mama Nadia: MAMA MKUBWA!!