Eti kosa ni kilo zangu! Yule muuza mashine kanidhalilisha

Wakuu, salamu leo sina. Natetemeka, na sijui ni hasira au ni ule mtetemo wa mashine bado umo kwenye mifupa.

Yule jamaa mnamjua. Mtwara nzima mnamjua, yule ambaye tumbo linafika dukani nusu saa kabla yake. Leo kanipima kwenye mizani ya korosho. Mimi, baba wa watoto wanne.

Nilinunua kwake kile kipawatila kidogo cha petroli, chenye meno mbele, nilime kabustani nyuma ya nyumba, mvua ikianza nitupie mchicha na bamia. Hela ya korosho karibu yote imeishia pale. Nilimuuliza kabisa: ardhi yangu ngumu na ina mawe ya matumbawe, itaweza? Akasema, "Hii inalima hata lami."

Jana jioni nikavuta kamba, ikawaka. Basi. Sikulima, nililimwa. Meno yakagonga jiwe, mashine ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu, ikanikokota mpaka kwenye matembele ya mama mkwe, ikazoa kamba ya nguo, tukatokea barabarani watatu: mimi, mashine na kanga ya mama mkwe. Nakuja kukumbuka kuachia klachi, bodaboda wawili wameshatoa simu wanarekodi.

Asubuhi nimeirudisha kwa adabu zote. Naeleza, jamaa hajibu, ananikagua juu hadi chini. Kisha anamwita kijana wake: "Hebu mtundike huyu." Nikadhani utani. Mara nimeshikishwa ndoana ya kutundikia magunia, miguu inaning'inia. "Kilo 54! Mjomba, mashine haina kosa, kosa ni kilo zako."

Duka limejaa kinamama wanaonunua mbegu. Mmoja akauliza, "Na viatu?"

NA VIATU, wakuu.

Mashine hataki kuipokea, hela hataki kurudisha. Lakini hilo hata siyo linaloniuma. Kilo 54, mbele ya watu, kwenye ndoana!

Mla Ming'oko: Mkuu, hiyo 54 ni kabla au baada ya kukata unyaufu, zile kilo zinazopungua korosho ikikauka? 😂😂

Mtoto wa Pwani: Kabla ya kuwasha ulikuwa umepiga uraka, ile pombe ya mabibo, kiasi gani? Sema ukweli.

Fundi Kabureta: Jamaa mdomo wake mchafu, sawa, lakini na wewe umezingua. Hiyo ya meno ya mbele haina tairi za kuivuta, meno yenyewe ndiyo miguu yake. Ndiyo maana nyuma kuna kile chuma kinachochoma ardhini, hicho ndicho kinaizuia isikimbie. Ukikishusha, mwendo unapungua na inachimba zaidi. Mkupuo wa kwanza pita juujuu, halafu unakishusha kidogo kidogo. Mawe yaokote kwanza. Ardhi ikiwa kavu imwagie maji, iache siku mbili, kamata udongo ufinyange: tonge likisambaratika ukiligusa, lima, likishikamana kama ugali, subiri. Kwa ardhi yako ungetafuta ya meno ya nyuma, yenye tairi zinazosukumwa na injini. Ulikifunga hicho chuma?

Mwenye uzi: Chuma kipi? Kuna kimoja kilibaki kwenye boksi, nimeegeshea mlango wa banda la kuku.

Fundi Kabureta: Naomba nipumzike.

Mla Ming'oko: Kuku wako salama, mama mkwe ndiye hana kanga 😂

Mjukuu wa Nachingwea: Acheni kumcheka. Waingereza walikuja hapa kwetu na mradi wa karanga wa 1947, wana matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. 1951 mradi ukafutwa. Wao walikuwa na kilo ngapi?

Mwenye uzi: Asante mkuu. Sasa turudi kwenye mada. Ile ndoana...

Bi Mdogo wa Lindi: Afadhali wewe umedhalilishwa na mtu wa dukani. Mimi ni jirani. Msimu uliopita kapulizia mikorosho yake salfa, ile dawa ya unga wa njano, mchana, upepo unavuma, yote imehamia kwangu. Macho yanawaka, nguo za kwenye kamba zote za njano. Namwambia, ananijibu nimshukuru, nimepata dawa ya bure.

Mtoto wa Pwani: Mchana? Salfa ni alfajiri, umande upo na upepo umetulia. Huyo ni mvivu wa kuamka.

Bi Mdogo wa Lindi: Na bomba lenyewe aliazima kwangu!

Mla Ming'oko: Aisee. Alilirudisha?

Mwenye uzi: Wakuu, 54 jamani.

Bi Mdogo wa Lindi: Kalirudisha bila mfuniko wa tangi. Nimeuulizia mpaka Mnazi Mmoja, sijaupata.

Fundi Kabureta: Bomba la aina gani dada? Tuma picha.