Walioacha kokeini, wiki za mwanzo mlizipitaje? Tupeane uzoefu

Spika Mbovu:
Wakuu, salaam. Ukisikia habari za kuacha unga, mara nyingi wanaoongea ni watu wa heroini. Mimi nilikuwa wa kokeini, miaka minne. Kazi yangu ilikuwa udijei kwenye kumbi za usiku hapa Dar. Nina mwaka na miezi miwili sijagusa. Nilipoacha nilikuwa nasubiri kitu kimoja, kikaja kingine kabisa.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na kijiwe cha mateja. Nimewaona wakishikwa na arosto: miayo, makamasi, kuhara, mtu amejikunja sakafuni anatetemeka jua la saa saba. Nikajua na mimi ni hivyo hivyo. Nikanunua ndoo ya kutapikia, maji katoni moja, panadol, nikajifungia kwa dada yangu Mbagala.

Ndoo haikufanya kazi. Nililala. Siku mbili nalala, naamka nakula ugali wa watu watatu, narudi kulala. Dada akasema, "Kumbe rahisi hivi? Ulikuwa unatutesa bure." Siku ya nne nikaoga, nikanyoa, nikatangaza nimepona.

Wiki ya tatu ndiyo ilinimaliza. Hakuna kinachouma, ila hakuna kinachonoga. Chai haina ladha, mpira hauna ladha, muziki uliokuwa unanilisha umekuwa kelele za mashine ya kusaga. Nakaa kizingitini natazama kuku wa jirani wakiparua, naona hata wao wana shughuli. Usiku naota napanga mistari juu ya kioo cha simu kwa kadi ya kupigia kura, naamka pua inawasha. Siku ya 24 nikarudi. Nilianza na bia moja tu, maana nilijiambia pombe haijawahi kuwa tatizo langu.

Wenzangu ilikuwaje?

Dirisha la Asubuhi:
Mkuu, mimi ni wa heroini, miaka tisa, nilianzia kwenye kokteli, unga ndani ya msokoto wa bangi. Arosto yetu haina siri. Kete ya mwisho usiku, asubuhi machozi yanatoka yenyewe, siku ya pili na ya tatu mifupa kama inang'atwa na mbwa. Lakini sisi tuna pa kwenda. Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, ilipoanza Muhimbili mwaka 2011 nilikuwa nawacheka wanaoenda, nawaambia mmebadilisha pusha tu. Nimekuja kujiunga baadaye sana. Unafika dirishani, unakunywa mbele ya nesi, unatamka jina lako aone umemeza, unaenda zako. Kinachonitesa sasa ni nauli, kila siku ya Mungu.

Tulikuwa na jamaa wa kokeini akataka naye aandikishwe. Daktari akamwambia methadoni inakaa kwenye kiti cha heroini, kokeini ina kiti chake na haiwezi kukikalia. Jamaa aliondoka ameinamisha kichwa. Sijamwona tena.

Mbishi Halali:
Kokeini si ya mabosi? Dijei ulipata wapi hela?

Spika Mbovu:
Sikupata, mkuu. Mwanzo nilikuwa naonjeshwa na wateja. Baadaye ikaenda mikisa, zikaenda spika, ikaenda friji ya dada ikiwa na samaki ndani.

Zamu ya Usiku:
Mimi ni nesi, niongeze mawili. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa mahsusi kwa uraibu wa kokeini. Kinachotumika zaidi ni ushauri nasaha, na muda. Hiyo hali ya "hakuna kinachonoga" inatokana na ubongo uliozoea kupewa furaha ya mkopo, sasa haujui kujitengenezea yake. Inaisha, ila kwa wengine inachukua miezi, na ndipo mawazo ya kujiua huingia. Ndugu wakiona kalala na kala vizuri wanamwachia nyumba peke yake. Msifanye hivyo. Akianza kuongea habari za kufa, msimwambie anadeka, mleteni hospitali siku hiyo hiyo.

Na ile bia: kokeini ikikutana na pombe, ini linatengeneza kitu kingine kinachoitwa kokaethilini, kinakaa mwilini muda mrefu zaidi na moyo unakiona.

Dirisha la Asubuhi, wewe waambie wenzako wa heroini: aliyekaa miezi bila, akirudi kwa kipimo chake cha zamani, mwili haukitambui tena. Hao ndio tunaowapokea hawapumui.

Mama wa Watatu:
Mimi ni mzazi, niko Mombasa. Mwanangu alitoka rihabu amenawiri, mashavu hayo! Nikapika biriani, nikaita majirani, nikampa pesa akanunue simu maana ile ya kwanza aliiuza. Magharibi hajarudi. Alirudi siku ya tatu, bila simu. Kosa langu lilikuwa pesa mkononi, nilidhani namwonyesha namwamini. Sasa hivi ana miezi saba. Sufuria zangu bado nazifungia kufuli, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mama, usifungue bado."

Spika Mbovu:
Mama, shikamoo. Hilo la pesa umenigusa.

Mara ya pili nilikaa soba, nyumba ya wanaoacha unga, miezi minne, Unguja. Asubuhi kikao, kila mtu anataja jina na kusema ni mraibu, "kwa leo tu". Mwanzo niliona ni shule ya chekechea. Nilipotoka nilibadilisha laini, nikaacha udijei, na hilo liliniuma kuliko unga. Sasa nachomelea mageti kwa fundi mmoja Chang'ombe. Muziki ulirudi mwezi wa sita hivi: nilikuwa kwenye daladala, dereva kaweka taarabu, nikashtuka naigonga kwa kidole kwenye goti.

Mshahara unaingia kwenye simu ya dada. Naachiwa nauli na ya chakula, nina miaka 34. Nikipitiwa na kazi jioni, naomba nilale gereji, maana njia fupi ya kituoni inapita ukumbi wa zamani. Bosi anafikiri napenda kazi.