Naomba ushauri: ukoka wa kivulini ukatwe kwa urefu gani?

Habari zenu wanajamvi. Nina uwanja wa ukoka mbele ya nyumba. Sehemu kubwa inapigwa na jua kutwa, ila kona moja iko chini ya mti, na ndiyo watoto wanayoipenda kuchezea. Nakata kwa sentimita 3 kote. Juani unapendeza kweli. Kivulini unazidi kupungua hadi udongo unaonekana. Kisu cha mashine nimekinoa, namwagilia asubuhi, na sikati zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo. Bado hali ni ileile.

Je, kivulini nipandishe mashine hadi sentimita 5 au zaidi? Au ukoka haustahimili kivuli kabisa, nipande nyasi za aina nyingine? Mti sitaki kuukata. Natanguliza shukrani.