SL-1200MK2 iliyotoka disko au SL-Q2 iliyokaa sebuleni?

Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu kaniachia santuri za dansi, nyingi ni zile ndogo za inchi 7: Morogoro Jazz, Franco na wengineo. Natafuta mashine ya zamani ya kuchezea santuri, ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja, habari za mkanda wa mpira kati ya mota na sahani sizitaki. Hapa Dar nimepata mbili, bei zinakaribiana. Technics SL-1200MK2 iliyopiga disko miaka na miaka, imechubuka kila kona. Nyingine ni Technics SL-Q2, ilikuwa sebuleni kwa watu, inang'aa. Nibebe ipi? Nawasilisha.

FundiVolti
1200, mengine baadaye. Sumaku ya mota imefungwa chini ya sahani yenyewe, hakuna cha mkanda wala gurudumu la mpira. Ukibonyeza kitufe, spidi ya mizunguko 33 kwa dakika unaipata kwa sekunde 0.7. Spidi inalindwa na fuwele ya kwatzi, kwa hiyo hata ukiwa kwenye jenereta linaloyumba, muziki hauyumbi. Familia ya 1200 ilitengenezwa kuanzia 1972 hadi 2010, ikarudi 2016. Vipuri vipo.

MzeeKitenge
Q2 nayo ina kwatzi, tena ya kampuni hiyohiyo. Santuri ikiisha mkono wa sindano unarudi wenyewe na mashine inazima. Mimi nasinzia nikisikiliza, kwa 1200 sindano ingesaga mfereji wa mwisho mpaka asubuhi.

BintiMakadara
Shikamoo mzee. Hilo la kurudi lenyewe ndilo linalosumbua zikizeeka: grisi inaganda, mkono unakwama njiani.

Kibatari, mashine ya disko mara nyingi mota iko salama, kilichochoka ni mkono na slaida ya spidi. Nenda ukaishike. Geuza uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, weka antiskeiti (kile kidude kinachozuia mkono kuvutwa katikati) sifuri. Sasa shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili na usukume taratibu mbele, nyuma, pembeni. Ukisikia "tk" ndogo, beringi zimelegea. Halafu washa, tazama nukta ukingoni mwa sahani kwenye ile taa nyekundu: slaida ikiwa sifuri, mstari wa nukta kubwa usimame tuli. Ipeleke slaida polepole hadi asilimia +8, kisha −8. Nukta zikirukaruka, slaida imechafuka au imekwisha.

FundiVolti
Kaleta hoja huyu. Niongeze: geuza nyuma usome kibandiko. Mashine za soko la Japani ni volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma ya kushusha, utanusa moshi.

Pweza
Na santuri za mizunguko 78 kwa dakika je? Bibi ana za taarabu.

BintiMakadara
MK2 ina 33 na 45 tu. Siti binti Saad alirekodi Bombay 1928, enzi hizo ni 78, na mifereji yake ni mipana, inataka sindano yake. Hiyo tafuta mashine nyingine.

Kibatari
Nimetoka huko sasa hivi. Q2 kibandiko kinasema 100 V, na mwenye nayo hajui transfoma iko wapi. 1200 ni 240, nukta zimetulia, lakini mkono una "tk".

FundiVolti
Beringi zinakazwa mkuu, ila kwa mkono mwepesi, usimpe fundi wa redio wa pembeni mwenye bisibisi moja. Hiyo "tk" ndiyo ya kushushia bei.

MzeeKitenge
Mimi bado nasema Q2. Transfoma ni kitu cha kununua.

Kibatari
Mzee nisamehe, muuzaji kashusha, naibeba 1200 kesho. Ile adapta ya tundu kubwa imepotea, na santuri za mzee nusu ni za tundu kubwa. Nani anayo ya ziada?