Gumzo la familia, Tanga: kahawa ya baridi ya kikao cha Jumamosi

Mama Shani: Asalaam aleikum wote. Wakubwa shikamooni. Kikao cha arusi ya Shani ni Jumamosi hapa kwangu Chumbageni, saa 10 alasiri, watu kama 20. Kwa jua hili la kaskazi sioni wa kunywa kahawa ya moto saa hizo. Fatuma mdogo wangu, ile ya baridi uliyotuletea Idi huwa unaifanyaje? Hapa nina pakiti ya kahawa ya unga.

Fatuma: Waaleikum salaam dada. Hiyo ya unga iweke, itafaa ya moto. Ya baridi inataka kahawa iliyopondwa kubwa kubwa, kama chenga za mchele. Unga ukilala majini unatoa uchungu mwingi, na ukija kuchuja unaziba kitambaa. Ule unaopenya unajaa chini ya glasi, mtu anakunywa mashapo.

Salim: Si upike ya kawaida tu, uitie barafu?

Fatuma: Hapana Salim, ladha yake ni nyingine kabisa. Ukipika, moto unatoa kila kitu kwa pamoja, na uchachu wake humo humo. Ikipoa, uchachu ndio unaokaa ulimini, na barafu ikiyeyuka inazidi kuwa maji maji. Maji baridi yanachukua taratibu. Harufu na kafeini unavipata, ila uchachu na uchungu mwingi vinabaki kwenye machicha. Hata mpenda sukari anajikuta ametia kidogo.

Salim: Bibi yuko hapa kasikia. Anasema niandike: kahawa isiyoona moto ni kahawa gani?

Fatuma: Shikamoo bibi. Moto imeuona kwenye kaango 😊 Na hakuna anayekaanga kukushinda wewe. Ila ile ya barazani huwa unaifikisha nyeusi. Hii naomba uishushe mapema.

Salim: Bibi: Marahaba. Nitakaanga Alhamisi ipate kupumzika. Mlio wa kwanza ni wa nguvu, buni inapasuka moja moja. Hapo naanza kuangalia rangi. Wa pili ni mdogo mdogo, wa haraka, na mafuta yanaanza kutoka nje. Sitaungoja huo. Naipakua kwenye ungo na kuipepeta papo hapo, maana ikiachwa kaangoni inaendelea kuiva.

Fatuma: Hapo hapo bibi. Allah akuweke.

Mjomba Bakari: Na msichukue buni yoyote pale Mgandini, ulizeni imetoka wapi. Ya Kagera nyingi ni robusta, nzito, kafeini yake karibu maradufu ya arabika. Kwa ya baridi mie ni arabika: Kilimanjaro, Mbinga, au hii yetu ya Lushoto. Wajerumani walikuwa wakilima kahawa Usambara kabla hata mkonge haujaingia 1893. Tuiruke ya kwetu kwa nini?

Mama Shani: Ya Lushoto basi, kaka. Fatuma, vipimo.

Fatuma: Nusu kilo ya kahawa kwa maji lita 2 na nusu. Maji yaliyochemshwa yakapoa, tafadhali, maana humu hakuna moto wa kuua chochote. Tumia chombo cha kioo au ndoo safi ya chakula yenye mfuniko. Sufuria ya alumini hapana. Tia kahawa, mimina maji, koroga hadi chenga zote zilowe (zinapenda kuelea juu zikabaki kavu), funika, weka kwenye friji. Ukiweka Ijumaa saa 12 jioni, Jumamosi saa 6 mchana ni saa 18, imekwisha kuwa tayari. Wapo wanaoiacha mezani saa 12 tu, lakini kwa joto letu mimi siiachi nje.

Fatuma: Usishangae ukitoa lita moja na nusu tu. Kahawa inashika maji karibu mara mbili ya uzito wake. Hiyo ni nzito, haijawa ya kunywa. Ongeza maji ya baridi kiasi hicho hicho, unapata lita 3, glasi ndogo 20 juu ya barafu.

Mama Shani: Kuchuja natumia kifumbu?

Fatuma: Kifumbu kwanza, kitoe machicha makubwa. Kisha kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila sabuni ya harufu, juu ya jagi, na uache idondoke yenyewe. Jamani, USIIKAMUE. Najua mikono yetu imezoea tui, lakini ukikamua unasukuma vumbi lote lipite na kahawa inakuwa chungu. Nusu saa, saa nzima, iache.

Zuhura: Na tangawizi na iliki?

Fatuma: Maji baridi hayavuti viungo vizuri, na sukari inazama tu chini. Kwa hiyo pika shira nyepesi, sukari na maji sawa kwa sawa, humo ndimo utie iliki na tangawizi iliyopondwa. Ikipoa weka mezani, kila mtu ajitilie. Wewe Zuhura na mimba hiyo usizidishe glasi moja ndogo. Ulaini wake unadanganya, kafeini imo.

Zuhura: Sawa dada. Nitakunywa maji ya ukwaju.

Mjomba Bakari: Umeme ukikatika usiku?

Fatuma: Friji lisifunguliwe. Umeme ukichelewa sana kurudi, hamishieni kwenye boksi la barafu. Itakayobaki Jumamosi msiitie maji. Ile nzito inakaa kwenye friji hata wiki.

Salim: Bibi anasema kuponda ni kazi yangu, na kinu kisiwe kile cha kitunguu saumu. Anasema pia wazee wa barazani watapikiwa yao ya moto, dele lake, lile birika la kahawa, lisiguswe.

Mama Shani: Hakuna atakayeligusa bibi. Kashata nani?

Zuhura: Kashata na tende mimi.

Mjomba Bakari: Buni naileta kesho kabla ya adhuhuri. Barafu Jumamosi saa 9, niandalieni boksi.

Mama Shani: Boksi lipo. Marekani nimekata, nimeshaifua.