Yule mchambuzi wa jana usiku amuombe radhi Ferrer!

Msumari: Wakuu, sijalala. Yule mchambuzi wa tenisi kwenye TV nyote mnamjua, simtaji. Jana kaulizwa kuhusu David Ferrer, yule mcheza tenisi wa Hispania, akacheka. AKACHEKA! Kisha akasema, "Ah, yule alikuwa wa kusindikiza wenzake."

Msindikizaji gani anatwaa mataji 27? Msindikizaji gani anashinda mechi 734 na kufika namba 3 duniani, na kimo chake cha sentimita 175, katikati ya majitu yanayopiga mpira kama yanaangua nazi? Kijana wa Jávea huyo! Akigoma mazoezi, kocha wake Javier Piles alikuwa anamfungia kwenye chumba cha mipira. Akasusa tenisi, akaenda kufanya kibarua cha ujenzi, wiki haijaisha vizuri karudi mwenyewe kuomba raketi. Leo mtu aliyekalia kiti cha kuzunguka anamcheka mpaka miwani inamshuka puani!

Novemba 2012, Prague, fainali ya Kombe la Davis, lile la timu za mataifa: Ferrer kawapiga Wacheki wote wawili, Štěpánek na Berdych, hakupoteza hata seti moja. Hispania ikalala 3-2 kwa sababu pointi nyingine zote walizitupa wenzake. Nani alimsindikiza nani hapo? Mwaka mmoja nyuma, fainali ya kombe hilohilo, Sevilla, kammaliza Del Potro wa Argentina kwa seti tano. Mchambuzi hayo hana, ana kicheko tu. Tukimwachia kipaza sauti wiki moja zaidi atatuambia Nadal alikuwa muokota mipira!

Aombe radhi. Hewani. Leo.

Chumvi_Mawe: Mkuu, kunywa maji kwanza. Kakutana na Federer mara 17, kapigwa zote 17. Huyo tumwite mwenye nyumba badala ya msindikizaji?

Kobe wa Pwani: Miami 2013 je? Pointi moja tu awe bingwa mbele ya Murray, yeye kasimamisha mchezo aangaliziwe marudio. Mpira umegusa mstari, pointi ikapotea! Nilizima TV.

Msumari: Ile ilikuwa FAINALI, na mtu misuli inamkaza! Na Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka uleule fainali kampata nani? Nadal! Nani angetoka salama pale? Halafu mtu anacheka!

Chumvi_Mawe: 6-3, 6-2, 6-3. Yule jamaa aliyevamia uwanja kifua wazi na moto mkononi alituchangamsha zaidi.

Dada Zu: Mnagombania namba 3, wakati kipindi kizima Mhispania mwenzake Arantxa Sánchez Vicario hajatajwa! Roland Garros mara 3, US Open 1994, namba 1 duniani. Na Conchita Martínez aliyemfunga Navratilova fainali ya Wimbledon 1994, naye alisindikiza? Uzi wa hao mbona haufunguliwi?

Kobe wa Pwani: Dada umenena. Ila kero kubwa ni matangazo. Wachezaji wakibadilishana upande tu, wanatuwekea sabuni. Wakirudi, pointi mbili zimeshapita.

Mzee Kifurushi: Afadhali wewe unaona sabuni. Kwangu tangu mvua zianze ni chenga tupu, na nimelipia mwezi mzima.

Msumari: Jamani, turudi kwenye mada. Mtu KACHEKA!

Dada Zu: Mzee, dishi lako limehama. Usipande mwenyewe, bati likilowa linateleza.

Mzee Kifurushi: Fundi wa mwisho kaja na ngazi ya kuazima, kaondoka na rimoti. Nani ana namba ya mwaminifu, maeneo ya Mbagala?

Chumvi_Mawe: Njoo inbox.